Kumfariji Mfiwa kwa Tumaini la Ufufuo: Mwongozo kwa Mkristo Anayeombwa Kusema Neno Msibani Uganda

Ukiishi Uganda miaka kadhaa, siku itafika utaitwa mbele ya hema, jeneza likiwa hatua chache kutoka ulipo, na mwongoza shughuli atakwambia: "Ndugu, tupe neno la faraja, dakika tano tu." Wakati mwingine hakuna kipaza sauti wala hema. Uko jikoni na mjane, saa nne usiku, naye anakuuliza kwa sauti ya chini, "Hivi sasa yuko wapi?" Mapadre na wachungaji wana vitabu vyao vya ibada. Mwongozo huu ni wa mzee wa kanisa, katekista, mama wa kwaya na jirani ambaye hajasomea teolojia lakini anatazamiwa aseme kitu.

Kanuni ninayoishika ni moja, na nitairudia njiani: sema kilichoahidiwa, usiseme usichokijua. Kilichoahidiwa ni kikubwa. Kristo alikufa akafufuka, walio wake watafufuka, hakuna kitakachotutenga na upendo wa Mungu, na kila chozi litafutwa. Usichokijua nacho ni kikubwa: kwa nini amekufa huyu na si yule, Mungu alikusudia nini kwa ajali ile ya barabara ya Masaka, moyo wa marehemu ulikuwa na nini dakika ya mwisho. Karibu maneno yote yanayowaumiza wafiwa yanatoka upande huo wa pili.

Kabla hujaondoka nyumbani

Uliza mambo manne: marehemu alikuwa wa kanisa gani, amekufaje, nani hasa ameachwa, na msibani watu watasema lugha gani. Mtu mmoja wa ukoo anaweza kukujibu yote kwa simu.

Swali la kanisa ndilo linalopuuzwa sana, na ndilo linaloleta aibu. Wakristo wote tunakiri ufufuo wa wafu, lakini hatusemi sawa juu ya kipindi kati ya kufa na siku ya mwisho. Kwa Wakatoliki, kumwombea marehemu ni tendo la upendo. Watasali rozari usiku, wataomba "Raha ya milele umpe ee Bwana", na tarehe 2 Novemba watawakumbuka marehemu wote. Ukisimama hapo na kusema kwamba maombi hayamsaidii tena, umewanyang'anya kitu walichokishika mkononi. Kwa Waanglikana wa Church of Uganda na walokole wengi, anayekufa katika Kristo yuko pamoja na Bwana tayari. Wanapenda neno la Paulo kwamba kwenda kukaa na Kristo "ni vizuri zaidi sana", na la Yesu kwa mwizi msalabani: "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Waadventista wa Sabato wanaamini marehemu amelala, hajui lolote, mpaka Kristo atakaporudi na kumwamsha. Katika nyumba yao usiseme "anatutazama kutoka juu". Sema kwamba amepumzika, na sauti atakayoisikia kwanza ni ya Bwana akimwita.

Je, huko ni kuficha imani yako? Sioni hivyo. Neno la ufufuo linatosha kwa nyumba zote hizo, na msiba si mahali pa kumaliza mjadala ambao makanisa hayajaumaliza. Koo nyingi za Uganda pia zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja. Kama mjomba wa marehemu ni Mwislamu, mtaje kwa heshima katika salamu zako na usiigeuze imani yake kuwa mfano wa upotevu.

Ukifika, keti kwanza

Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, "maana waliona ya kuwa mashaka yake ni makuu mno." Walipofungua kinywa ndipo walipoharibu. Kwa hiyo fika, salimu kwa namna ya mahali hapo. Buganda utasema "Kitalo nnyo", na Kiswahili chetu "Poleni sana kwa msiba" kinaeleweka kila mahali. Toa mabugo yako, yaani mchango wa rambirambi, kwa anayeandika daftari, kisha ukae. Kama kuna kikundi cha munno mukabi, cha majirani wanaosaidiana msibani, kinachopika, au engozi kama hicho kule Ankole na Kigezi, ingia kazini nao. Kubeba kuni na kuchota maji kunampa mtu ruhusa ya kusema baadaye.

Ukimkaribia mama aliyefiwa, yuko kwenye mkeka na wanawake wamemzunguka. Shuka chini mpaka macho yenu yalingane, mshike mkono, taja jina la marehemu. Wengi wanaogopa kulitaja jina hilo wakidhani litaongeza kilio. Litaongeza, ndiyo, lakini ndilo jina analotaka kulisikia. Akikusimulia usiku wa mwisho hospitalini, dripu, gari lililokosekana, daktari aliyechelewa, msikilize mpaka mwisho, hata kama ni mara ya nne anasimulia. Usimkatize kwa andiko.

Kwenye mkesha kuna saa ngumu, kama saa tisa usiku hivi, moto umepungua na kwaya imechoka. Hapo Zaburi ya 23 ikisomwa polepole na mtu mmoja bila mahubiri inafanya kazi kubwa: "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami." Isome, nyamaza. Wenyewe wataanza wimbo.

Kuchagua andiko: anza na Bethania

Kama ningeruhusiwa sura moja tu ya Biblia kwa misiba yote, ningechukua Yohana 11. Dada wawili wamefiwa na kaka yao, Lazaro. Yesu amechelewa. Martha anamwendea njiani na kusema, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Baadaye Mariamu anafika, anaanguka miguuni pake, na anasema maneno yale yale. Lakini hawajibiwi sawa. Martha anapewa mafundisho: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima. Yeye aniaminiye mimi, ajapokufa, atakuwa anaishi." Mariamu hapewi fundisho lolote. Yesu anamwona analia, anaugua rohoni, anauliza kaburi liko wapi, na "Yesu akalia machozi."

Ndani ya familia moja, msiba mmoja, kuna Martha na kuna Mariamu. Mtoto wa kwanza wa kiume, anayehangaika na jeneza, usafiri na barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), huenda ni Martha. Anataka kusikia jambo la kushika, tumaini lenye mantiki. Dada yake ambaye hajala tangu juzi ni Mariamu. Ukimpelekea mafundisho atayasikia kama kelele. Angalia kwanza uko mbele ya nani. Na uone pia kwamba Yesu hakuwakemea kwa lile "kama ungalikuwapo". Mfiwa akisema mbele yako, "Mungu alikuwa wapi?", usiruke kumtetea Mungu. Sentensi hiyo ilisemwa usoni pa Bwana mara mbili, na Bwana hakukasirika.

Andiko la pili ni 1 Wathesalonike 4:13-18. Wahubiri wengine hulitumia kuwazuia watu kulia, wakati Paulo hakusema hivyo. Alisema "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Huzuni ipo, na tumaini limo ndani yake. Aya ya mwisho ni agizo lako wewe mfariji: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo."

La tatu ni 1 Wakorintho 15, nalo huwaingia sana wakulima, kwa sababu kaburi limechimbwa mita chache kutoka kwenye migomba na wote waliosimama pale wamepanda maharage msimu huu. Paulo anasema mwili "hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutokuharibika." Pale kaburini, udongo unapomwagwa, sentensi hiyo moja inatosha.

Sura hiyo hiyo ina jambo linalogusa Buganda kwa namna ya pekee. Kila mtoto wa Kiganda amesikia kisa cha Kintu na Nambi, mtu wa kwanza na mkewe, na jinsi Walumbe, kaka yake Nambi, ambaye ndiye Mauti, alivyowafuata duniani akaanza kuwaua watoto wao. Kayikuzi, ndugu yao mwingine, alitumwa amkamate, akamfukuza mpaka Ttanda, upande wa Mityana, na huko Walumbe akazama ardhini. Hakukamatwa. Wazee walijua kuwa mauti ni mgeni aliyeingia, na walijua hakuna binadamu aliyefaulu kumtoa shimoni. Ukizungumza mbele ya Waganda unaweza kuanzia hapo kwa heshima, kisha usome 1 Wakorintho 15:26: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Hapo umewaletea habari njema kuhusu jambo ambalo bibi zao walikwisha kulisikitikia.

Dakika tano zako

Katika misiba yetu kuna wasemaji wengi: ripoti ya ugonjwa, wasifu wa marehemu, LC1, mwakilishi wa kazini, mara nyingi na mwanasiasa. Ikiwa maziko ni saa nane na wewe umepewa nafasi saa saba na nusu, watu wamekaa juani tangu asubuhi. Fupisha. Mpangilio unaonisaidia ni huu: pole inayowataja wafiwa, jambo moja la kweli ulilomfahamu nalo marehemu, ahadi moja ya Maandiko, ombi fupi. Ahadi moja tu. Ukileta aya sita hawataondoka na hata moja.

Kwa mzee aliyeugua muda mrefu, mtu anaweza kusema hivi:

"Mama, wanawe, wajukuu, ukoo wote, poleni. Mmemwuguza mzee wetu mpaka mwisho, hamkumwacha. Mimi nilimfahamu kama mtu ambaye hakupita nyumbani kwangu bila kuuliza watoto wamekula. Leo tunalia, na Biblia haituzuii, kwa sababu Bwana Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake. Lakini kabla ya kulia alisema neno: 'Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima. Yeye aniaminiye mimi, ajapokufa, atakuwa anaishi.' Mzee aliliamini neno hili. Tunamlaza katika ardhi ya baba zake, na aliyeahidi kumwamsha hajawahi kusema uongo. Tuombe. Ee Baba, mpokee mtumishi wako. Mshike mama huyu usiku wa leo na usiku wote unaokuja. Tufundishe sisi majirani kutomwacha. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina."

Kama maneno yako yatatafsiriwa, na kwa sisi wa Kiswahili hilo ni la kawaida kwa kuwa nusu ya ukoo imetoka Kongo au Kenya na nusu iko kijijini, kaa na mkalimani dakika mbili kabla. Mpe namba ya andiko ili alisome kutoka Biblia ya lugha yake, badala ya kulibahatisha hewani. Toa sentensi fupi zenye maana kamili. Mafumbo na methali hufia njiani.

Maneno ya kuacha nyumbani

"Mungu amempenda zaidi." Mtoto wa miaka saba akisikia hivyo baada ya kufiwa na mama, atamwogopa Mungu anayependa kwa kuchukua. "Usilie, wewe ni Mkristo." Tumekwisha kuona Bethania. "Kila jambo lina sababu." Huenda, ila wewe huijui. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno matakatifu, lakini Ayubu aliyasema mwenyewe juu ya watoto wake mwenyewe. Mwache mfiwa ayafikie kwa miguu yake. Watoto wadogo pia usiwaambie mama "amelala" bila maelezo, wataogopa kulala. Waambie mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii maumivu tena, na tunaamini Yesu atamwamsha siku moja.

Kuna na desturi ya kulitumia jeneza kuwatisha waliohudhuria: "Wewe unayecheka, kesho ni wewe!" Najua nia ni kuokoa roho. Lakini ombi uliloletewa lilikuwa la faraja, na mjane aliyeketi safu ya mbele anasikia mumewe akifanywa fimbo. Wito wa toba una siku yake.

Misiba migumu

Mtoto mchanga. Usitafute falsafa. Soma "Waacheni watoto wadogo waje kwangu", na kama kuna nafasi taja Daudi aliyefiwa na mwanawe akasema, "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi." Kisha kaa na baba yake mtoto. Watu huwa wanamsahau.

Aliyejiua. Mila nyingi za Uganda humzika haraka na bila heshima, na baadhi ya makanisa hayamfanyii ibada. Hata pale ambapo huna mamlaka ya kubadilisha utaratibu, una mdomo wa kuwafariji wazazi wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2283, inafundisha kwamba hatupaswi kukata tamaa kuhusu wokovu wa milele wa watu waliojitoa uhai. Warumi 8:38-39 nayo inaanza orodha yake kwa mauti yenyewe: "wala mauti, wala uzima." Huijui hukumu. Unaijua rehema. Wasomee rehema.

Aliyeishi mbali na kanisa. Hapa ndipo watu wawili hukosea, mmoja kwa kumpeleka mbinguni kwa kipaza sauti, mwingine kwa kumpeleka motoni. Mwizi wa msalabani aliongea na Yesu dakika za mwisho kabisa. Sema kama Abrahamu: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Zungumza zaidi na walio hai, na zungumza juu ya Kristo kuliko juu ya marehemu.

Mwili usipokuwepo. Vita vya kaskazini viliacha familia nyingi za Acholi na Lango bila kaburi la kulitembelea. Wakati wa Ebola ya 2022, kule Mubende na Kassanda, maziko yalifanywa na watu waliovaa mavazi ya kinga, ndugu wakiwa mbali. Kwa familia kama hizo nasimulia habari ya Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Kaburi lilichimbwa Namirembe, kwenye kanisa kuu la Kianglikana, karibu na la Askofu Hannington, mfia dini wa zamani, lakini mwili haukuletwa. Ulipelekwa kuzikwa kwao Mucwini. Waumini walikusanyika hata hivyo, kaburi likiwa wazi na tupu, na wakakumbushwa maneno ya malaika: "Hayupo hapa, kwani amefufuka kama alivyosema." Kaburi tupu halikuwa geni kwao. Imani yao ilianzia kwenye kaburi tupu.

Na anayeuliza kwa uchungu, "Mwanangu ameungua hata mifupa haijulikani, atafufuka na nini?", mpeleke Namugongo kwa maneno. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake, wale Mashahidi wa Uganda, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto pale, na kila mwaka siku hiyo umati unatembea kwa miguu kwenda kuwakumbuka. Hakuna kanisa lililowahi kufundisha kwamba moto ule umewapunguzia ufufuo.

Aliyefia ukimbizini. Nakivale, Kyaka II, Kyangwali: ndugu zetu Wakongomani huniambia kinachowachoma ni kumwacha mzee katika udongo usio wa kwao. Waebrania 11 iliandikwa kama kwa ajili yao. Abrahamu na wenzake walikufa wakikiri kwamba "walikuwa wageni, na wasafiri juu ya nchi", wakitamani nchi iliyo bora, ya mbinguni. Lakini usisome hilo kabla hujauliza kijiji chake kilikuwa kipi, na ukitaje kwa jina unapoomba.

Hofu ya mizimu

Usiku baada ya maziko mtu anaweza kukuvuta pembeni akakwambia marehemu amemtokea ndotoni amekasirika. Usimcheke, wala usikimbilie kumkemea pepo. Muulize ameona nini. Mara nyingi chini ya ndoto kuna deni, ugomvi ambao haukusuluhishwa, au hatia ya kutofika hospitalini. Mwombee, mwambie kwamba marehemu yuko mikononi mwa Mungu na si mtu wa kuranda gizani kutafuta kisasi, kisha msaidie kulipa deni lile au kuomba msamaha kwa walio hai. Ibada ya kumaliza msiba, olumbe kwa Waganda, ina mambo ambayo Mkristo anaweza kuyafanya kwa moyo safi, kama kumtaja mrithi na kuwasilisha madeni, na mengine ambayo familia itayazungumza na kiongozi wake wa kanisa. Wewe usiamue peke yako.

Hema likishaondolewa

Wiki ya pili ndiyo mbaya, maana viti vimerudishwa kwa mwenyewe na simu zimekoma. Andika tarehe ya kifo kwenye simu yako. Rudi baada ya wiki mbili, baada ya siku arobaini, na Krismasi ya kwanza. Hapo ndipo swali la "yuko wapi sasa?" huulizwa kwa utulivu, na hapo unaweza kusoma Yohana 14 yote bila haraka.

Ukisoma "Nyumbani mwa Baba yangu mna makao mengi" kwa mjane, hakikisha hafukuzwi kwenye makao aliyo nayo. Baadhi ya shemeji huanza kupima shamba kabla udongo haujakauka. Sheria ya Urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mjane haki ya kubaki katika nyumba ya ndoa, na kama marehemu hakuacha wosia na ameacha watoto, mwenzi aliyebaki ana asilimia 20 ya mali, huku sehemu kubwa ikienda kwa watoto. Wajane wengi hawalijui hilo. Kabla kikundi hakijatawanyika, chagueni watu wawili, mwanamke mmoja awemo, wa kumsindikiza kwa LC1 kuchukua barua, kutafuta cheti cha kifo, na kwenda naye kwenye ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu. Andikeni majina yao na nauli yao katika daftari lile lile la mabugo.